Stelingi Anapokufa Dakika ya Kwanza

Kwenye kibanda umiza cha kuonyeshea video sheria ilikuwa moja, na watoto waliijua kabla ya kujua kusoma: stelingi hafi. Angeweza kupigwa risasi ya bega, kuangushwa kutoka ghorofani au kufungwa kamba na kutoswa mtoni, na benchi zima likaendelea kutafuna karanga kwa utulivu, kwa sababu mwisho ulikuwa unajulikana. Katika Commando ya mwaka 1985, Arnold Schwarzenegger alifyeka kambi nzima ya maadui akiwa peke yake, na hakuna aliyeuliza imewezekanaje. Adui alikuwa na sura ya adui. Umeme usipokatika, haki ilipatikana ndani ya saa moja na nusu, na watoto wakarudi nyumbani wakirushiana mateke njiani.

Aliyelelewa na sheria hiyo anapewa flashi na rafiki yake. Ndani kuna katuni ya Kijapani. Picha inafunguka kwenye kituo cha treni: mvulana mwembamba ameegemea nguzo, miguu ameinyoosha sakafuni, wapita njia wanamkwepa kama wanavyokwepa uchafu. Sauti yake mwenyewe inamwarifu mtazamaji kwamba usiku huu, wa tarehe 21 Septemba 1945, ndio usiku aliokufa. Habari hiyo inatolewa ndani ya dakika ya kwanza. Muda si mrefu mwili unalala upande, na kweli amekufa. Mfagiaji wa kituo anampekua, anakuta kopo la peremende lililoshika kutu, analirusha kwenye nyasi gizani. Kifuniko kinafyatuka, vinamwagika vipande vidogo vya mifupa, na vimulimuli wanaruka kutoka majanini.

Filamu ni Grave of the Fireflies, yaani Kaburi la Vimulimuli, iliyoongozwa na Isao Takahata wa studio ya Ghibli na kutolewa mwaka 1988. Mvulana anaitwa Seita. Mifupa ni ya mdogo wake, Setsuko, binti wa miaka minne. Mama yao aliungua katika mashambulizi ya mabomu ya moto juu ya mji wa Kobe, baba yuko vitani baharini, na ndugu aliyewapokea anaanza kuhesabu kila upawa wa uji wanaotiliwa. Kopo lile ndilo utajiri wao wa mwisho. Peremende zinapokwisha, Seita anatia maji ndani, analitikisa, na mdogo wake anakunywa huku akizitaja ladha za matunda moja baada ya nyingine. Baadaye, njaa ikishamchanganya, Setsuko anamumunya gololi bapa za kuchezea akidhani ni peremende. Hakuna damu katika sini hiyo, wala kelele. Lakini watu wazima, tena wale wanaotazama mapanga na misumeno huku wanakula chipsi, wameizima hapo.

Kila mpenzi wa filamu wa kweli ana orodha ya kazi za namna hii moyoni mwake. Ni filamu zisizo na faraja, au zinazokwenda kwa mantiki ya ndoto mbaya, au zenye yote mawili. Anazipenda kwa nguvu, na kwa sababu anazipenda anataka mwenzake naye azione. Hapo ndipo penye kazi. Kumwambia mtu atazame filamu ya ngumi hakuhitaji maarifa, akichoka ataizima. Kumkabidhi mtu Kaburi la Vimulimuli ni sawa na kumwingiza kwenye nyumba yenye msiba: ni lazima ajue mapema kwamba ni msiba, hata kama hajaambiwa nani amefariki.

Wajapani wenyewe waliwahi kuonja matokeo ya kuyakosa maelezo hayo. Tarehe 16 Aprili 1988 filamu ya Takahata iliingia kumbini ikiwa imefungwa pamoja na My Neighbor Totoro ya Hayao Miyazaki, hadithi laini ya watoto wawili na dubwana mpole la msituni. Tiketi moja, filamu mbili. Mzazi aliyempeleka mwanawe kumwona Totoro alijikuta pia mbele ya Setsuko. Hakuna ubaya wowote uliokusudiwa. Studio ilikuwa changa na miradi yote miwili ilihitaji kusukumana sokoni. Lakini ni vigumu kufikiria mchanganyiko mkali zaidi kwa mtoto wa miaka sita.

Na si hadithi ya kubuni tupu. Imetoka kwenye hadithi fupi ya Akiyuki Nosaka ya mwaka 1967, na Nosaka aliyaishi mengi ya humo: mdogo wake wa kike alikufa kwa utapiamlo mwaka ule ule wa 1945, naye akabaki. Takahata pia alikuwa mtoto wa miaka tisa alipokimbia mabomu yaliyouteketeza mji wa Okayama. Mpendekezaji anayejua haya ana la kumwambia mwenzake zaidi ya “utalia sana”. Atamwambia kwamba waliotengeneza picha hii walikuwa wanarudisha deni kwa waliokufa. Mtu akijua hivyo huitazama kwa heshima nyingine, na huwa tayari.

Kuna watu wanaodhani filamu ikiwa nzito basi ni ya giza lilelile. Sivyo, na kosa hili ndilo linalowafanya wengi waape baada ya filamu moja kutozigusa nyingine zote. Chukua Eraserhead ya David Lynch, ya mwaka 1977. Hakuna vita humo, na hakuna njaa. Kuna kijana anayeitwa Henry, mwenye nywele zilizosimama kama amepigwa shoti, anayeishi chumba kimoja katika mji wa viwanda ambako mashine zinanguruma usiku na mchana. Anaitwa ukweni, anaambiwa amezalisha. Mtoto wenyewe hana umbo la mtoto: kichwa kama cha mwanakondoo aliyechunwa, shingo nyembamba, mwili umezongwa bendeji kuanzia shingoni. Analia usiku kucha. Mama anachoka, anarudi kwao, na Henry anabaki naye chumbani.

Mzazi yeyote aliyewahi kukesha na kichanga kinachokohoa ataielewa Eraserhead kwa tumbo kabla ya kichwa. Hofu yake haisemeki hadharani: hofu ya mtu aliyepewa kiumbe asichokijua namna ya kukipenda. Lynch hakuisema kwa maneno. Aliisema kwa sauti, ile ngurumo ya chini aliyoijenga na fundi wake Alan Splet, ambayo mtazamaji huendelea kuisikia kwenye friji la jikoni hata baada ya filamu kwisha. Ukiitazama kwa spika ya simu umepoteza nusu yake.

Filamu hiyo ilichukua karibu miaka mitano kukamilika. Lynch aliipigia kwenye mazizi ya zamani ya jumba lililokuwa chuo cha filamu huko Beverly Hills, fedha zilikuwa zinakatika, na yeye akawa anasambaza magazeti ili apate za kununulia mkanda. Kuna mahali Henry anashika kitasa cha mlango. Kipande kinachofuata, anapoingia upande wa pili, kilipigwa mwaka mmoja na nusu baadaye. Muda wote huo mwigizaji Jack Nance aliendelea kuzitunza nywele zilezile. Stanley Kubrick aliipenda kiasi cha kuwaonyesha wenzake kabla ya kutengeneza The Shining, ili wajue hali anayoitafuta. Lynch, aliyefariki Januari 2025, alikataa maisha yake yote kusema yule mtoto alitengenezwa kwa kitu gani, na alikataa pia kusema filamu ina maana gani. Aliishia kuiita kazi yake yenye roho kuliko zote, na akaombwa afafanue, na akakataa.

Anayeipendekeza afuate mfano huo. Filamu ya ndoto haielezwi kabla. Mwambie mwenzako kuna mtoto mgonjwa, mwambie ataona vitu visivyoeleweka na asihangaike kuvielewa, kisha nyamaza.

Msomaji wa Kiswahili ana faida hapa, ingawa wachache wanaitumia. Aliyepita mikononi mwa Euphrase Kezilahabi ameshaonja giza la aina zote mbili. Rosa wa Rosa Mistika (1971) ni stelingi, na anakufa kwa mkono wake mwenyewe. Kazimoto wa Kichwamaji (1974) vilevile. Halafu zikaja Nagona (1990) na Mzingile (1991), riwaya fupi ambazo ndani yake muda umepinda, ardhi haina ramani, na anayesafiri hajui kama yu hai. Wanafunzi wengi walizifunga kwenye kurasa za mwanzo wakasema mwalimu huyu wa Ukerewe ameandika fumbo. Waliovumilia waligundua kwamba mtu anaweza kuguswa na jambo ambalo hajalitatua. Ukitaka kumfungulia rafiki yako mlango wa Lynch, muulize kama aliwahi kuimaliza Nagona. Jibu lake litakuambia umpe ipi.

Mtihani mgumu kuliko yote kwa mpendekezaji ni filamu ambayo haina cha kutisha kabisa. The Turin Horse ya Béla Tarr wa Hungaria, iliyopata Dubu wa Fedha mjini Berlin mwaka 2011, ina dakika 146 na vipande vya picha 30 tu. Yaani kamera inawashwa, inatembea, inatazama, na haikatwi kwa dakika tano, saba, wakati mwingine zaidi. Mzee na binti yake wanaishi kwenye nyumba ya mawe, nje kuna upepo usiokoma, zizini kuna farasi aliyegoma kula. Mkono mmoja wa mzee haufanyi kazi. Kila siku wanakula kiazi kimoja kimoja cha kuchemsha. Siku ya kwanza kamera inamtazama mzee: kiazi kinatoka mvuke, anakimenya kwa kucha za mkono mmoja, anajiunguza, anapuliza, anakiponda, anarusha chumvi, anameza kabla hakijapoa, anaacha nusu, anakwenda kukaa dirishani. Siku ya pili ni kiazi tena, ila sasa kamera inamtazama binti. Kisima kinakauka. Taa inakataa kuwaka ingawa mafuta yamo. Siku ya sita wamekaa mezani gizani, na kiazi ni kibichi.

Mtu aliyezoea picha za mbio atasema hakuna kilichotokea. Mtu aliyewahi kukaa kijijini msimu mvua imekataa, akawaona wazee wakiendelea kufagia uwanja na kuwasha moto kwa sababu ndiyo saa ya kufagia na kuwasha moto, ataona kwamba kimetokea kila kitu. Filamu hii haipewi mtu kwenye simu ndani ya daladala. Inahitaji jioni nzima, mlango uliofungwa, na mwenzako wa kukaa naye kimya.

Kimya hicho kinaleta swali la lugha. Afrika Mashariki ina ufundi wake wa kupokea filamu za wengine: Lufufu aliwatafsiria Watanzania mikanda ya kigeni kwa sauti yake, DJ Afro akawa jina la kila nyumba Kenya, ma-VJ wa Uganda wanajaza vibanda mpaka leo. Hawa hawakutafsiri maneno tu. Waliwaeleza watazamaji mila za kigeni, wakaongeza methali, wakawapa wahusika majina ya mitaani. Lakini kazi yao imeegemea filamu za mapigano, za Kihindi, za mapenzi. Kaburi la Vimulimuli halijapata bahati hiyo ya kuenea vibandani kwa Kiswahili, na ni hasara, kwa sababu mazungumzo ya Seita na Setsuko ni rahisi na ya nyumbani, ya kaka kumbembeleza mdogo wake ale. Sauti ya Kiswahili ingewatosha. Kwa sasa mpendekezaji ndiye mkalimani. Kabla ya kutoa flashi, ahakikishe tafsiri ya maandishi chini ya picha imo na inakwenda sawa na sauti, maana filamu nzito yenye maandishi yaliyochelewa sekunde nne ni mateso ya bure.

Kuna filamu moja ambayo Watanzania hawakuhitaji mkalimani ili kuumizwa nayo. Ilitoka mwaka 2004, ikaongozwa na Hubert Sauper kutoka Austria, ikaitwa Darwin’s Nightmare. Mitaani iliitwa filamu ya mapanki. Kamera iko Mwanza. Inaanza kwenye mnara wa uwanja wa ndege, ambako mwongoza ndege anahangaika na mdudu kwenye kioo huku ndege kubwa ya mizigo ikitua. Ndege hizo zinakuja kubeba minofu ya sangara, samaki aliyepandikizwa Ziwa Viktoria katikati ya karne ya 20 na kuwala samaki wengi wa asili. Minofu inakwenda Ulaya. Vinavyobaki, vichwa na miiba, ndiyo mapanki, na filamu inaonyesha yakianikwa kwenye vichanja huku yanatoa funza na gesi ya amonia ikiwaumiza macho akina mama wanaoyageuza. Tunamwona Eliza, msichana anayeuza mwili kwa marubani, akiimba wimbo wa kuisifu nchi yake. Baadaye tunaambiwa ameuawa na mteja. Tunamwona Raphael, mlinzi wa usiku mwenye upinde na mishale ya sumu, akisema mambo kuhusu vita ambayo mtu hayasahau.

Ulaya iliipokea kwa makofi. Ilipata tuzo ya César nchini Ufaransa na ikateuliwa kuwania Oscar. Nyumbani ilikuwa jambo jingine. Mwaka 2006 Rais Jakaya Kikwete aliilaani hadharani kwamba imeichafua nchi, na Mwanza watu waliandamana kuipinga. Mwanahistoria mmoja wa Ufaransa naye aliishambulia, akisema madai yake, hasa yale ya silaha kuletwa na ndege zinazobeba samaki, hayakuthibitishwa, na jambo hilo likafika mahakamani.

Ni sahihi kuuliza maswali hayo, na anayeipendekeza leo ayataje. Sauper anaweka picha mbili kando kando, ndege na bunduki, kisha anamwacha mtazamaji aunganishe mwenyewe; huo ni ustadi wa sinema, lakini si ushahidi. Hata hivyo ingekuwa dhambi kuwaambia vijana wa Mwanza wasiitazame. Wao ndio wenye haki ya kwanza ya kuijadili, kwa sababu ndio wanaoweza kusema hapa amepatia, hapa ametuonea, yule mama wa mapanki alikuwa na duka na watoto shuleni na kamera haikumfuata huko. Filamu ya giza inapotengenezwa na mgeni kuhusu kwenu, itazameni mkiwa wengi, taa ziwashwe baada yake, na mazungumzo yawe marefu kuliko filamu.

Afadhali zaidi, zipo sasa kazi za ndoto zilizotengenezwa na watu wa kwetu wenyewe. Baloji alizaliwa Lubumbashi na kukulia Ubelgiji. Jina lake, msomaji wa Kiswahili atasikia mara moja, ni ndugu wa kuloga na walozi, na amelibeba maishani kama mzigo. Filamu yake Augure, yaani Ndege Mbaya kwa maana ya ishara, ilionyeshwa Cannes mwaka 2023 na kupewa tuzo ya Sauti Mpya. Humo Kifaransa, Kilingala na Kiswahili vinasikika vikipokezana. Koffi anarudi Kongo kutoka Ulaya na mchumba wake mjamzito ili atoe mahari. Alizaliwa na alama usoni, na tangu utotoni familia ilimwona mchawi. Siku ya kufika, ndugu wamejaa uani, dada anampakatisha mtoto wake mchanga. Pua ya Koffi inatoka damu. Tone linadondoka kwenye kichanga.

Hakuna msomaji wa Kigoma, Bukavu au Tanga anayehitaji kuelezwa kinachofuata. Kelele, mtoto ananyakuliwa, wazee wanakuja. Mtazamaji wa Brussels huona sini ya ajabu; mtazamaji wa hapa huona Jumapili aliyowahi kuisikia kwa jirani, na hofu yake ni kubwa zaidi kwa sababu anawajua wale ndugu, anajua kwamba wanampenda Koffi na kwamba wataamini hivyo hivyo. Kutoka hapo Baloji anaiachia ndoto: watoto wa mitaani waliovaa sketi za waridi, mama aliyenyamaza miaka mingi. Kwa mtu anayetaka kuanza safari ya filamu za kindoto, hii ni bora kuliko Lynch, na wapendekezaji wa Afrika Mashariki wangefanya vyema kuiweka mbele.

Karibu nayo ipo Neptune Frost ya mwaka 2021 ya Saul Williams na Anisia Uzeyman, iliyopigwa Rwanda, ambamo wachimbaji wa koltani na wadukuzi wanaimba kwa lugha tano, Kiswahili kikiwemo. Na ipo Pumzi ya Wanuri Kahiu wa Kenya, ya mwaka 2009, dakika 21 tu: dunia imekauka, watu wanachuja jasho lao wenyewe wapate maji ya kunywa, na mwanamke mmoja anaotesha mche. Mtu mwenye bando dogo aanze na hiyo.

Ziko pia zile ambazo mpenzi mwaminifu wa filamu hazitoi kirahisi. Salò ya Pier Paolo Pasolini ilitoka mwaka 1975, wiki chache baada ya mwongozaji kuuawa, ikapigwa marufuku nchi nyingi. Ni kazi ya mtu makini aliyetaka kuonyesha mamlaka ya kifashisti inavyoigeuza miili ya vijana kuwa bidhaa. Lakini udhalilishaji uliomo ni mwingi, ni wa kingono, na hauna mapumziko. Wapo vijana wanaorushiana filamu kama hizi ili kupimana nani atavumilia mpaka mwisho. Huko ni kumtendea mwenzako ukatili, na ni kuidhalilisha filamu pia. Kama rafiki hajaiomba kwa jina, asipewe.

Na kuna jambo jingine la kwetu. Katika ukanda huu mtu anaweza kumwachia flashi jirani asijue jirani huyo alitokea wapi. Wapo waliovuka Ziwa Tanganyika usiku wakiwa watoto. Wapo waliokulia kambi za wakimbizi za Nyarugusu au Kakuma. Filamu ya Shooting Dogs ya mwaka 2005 ilipigwa Kigali, kwenye shule ileile ambako watu waliachwa wauawe mwaka 1994, na manusura walikuwa miongoni mwa mafundi walioitengeneza. Walichagua wenyewe kuwapo. Jirani hajachagua. Swali la upole, “Za vita unaweza kutazama?”, halimpunguzii mtu ladha hata kidogo, na hutosha kumwachia nafasi ya kusema hapana bila kutoa sababu.

Kwa atakayesema ndiyo, ipo moja ya kuwekwa mwisho kabisa, usiku ambao kesho yake si siku ya kazi. Come and See, Njoo Uone, ya Elem Klimov, ilitoka Umoja wa Kisovyeti mwaka 1985. Jina limetolewa kwenye Ufunuo wa Yohana sura ya 6, pale mihuri inapofunguliwa na farasi wanatoka. Ni Belarusi mwaka 1943. Kijana Flyora anafukua mchangani mpaka anapata bunduki, anacheka, anaondoka nyumbani kujiunga na wapiganaji wa msituni huku mama yake akimlilia. Aliyemwigiza, Aleksei Kravchenko, alikuwa na miaka kama 14 na hakuwa mwigizaji. Risasi zinazopita juu ya kichwa chake katika baadhi ya vipande zilikuwa za kweli.

Anarudi kijijini na msichana Glasha. Nyumba ni tupu. Mchuzi kwenye jiko bado una joto, wanakaa kuula. Nzi ni wengi kupita kiasi. Sakafuni wanasesere wa wadogo zake wamelazwa kwa safu. Glasha anatapika. Flyora anang’ang’ania kwamba watu wamejificha kisiwani kwenye kinamasi, anatoka mbio, na Glasha anamfuata. Anapokimbia, kwa sekunde moja tu, Glasha anageuka nyuma. Nyuma ya ukuta wa banda kuna lundo la watu, kijiji kizima, uchi. Flyora hageuki. Kamera nayo haibaki hapo, inakimbia nao. Mtazamaji na yule msichana ndio pekee wanaojua, na kwa dakika kadhaa zinazofuata, matope yakiwafika kifuani, inabidi wamtazame kijana anayeamini kwamba mama yake yuko ng’ambo.

Aliyeandika hadithi hii pamoja na Klimov, Ales Adamovich, alikuwa mpiganaji wa msituni angali kijana, na baadaye alizunguka vijijini kukusanya ushuhuda wa walionusurika. Klimov mwenyewe alivushwa mto Volga akiwa mtoto huku Stalingrad ikiwaka nyuma yake. Ilimchukua miaka mingi kuruhusiwa na wakaguzi kuitengeneza. Mwishoni filamu inaandika idadi: vijiji 628 vya Belarusi viliteketezwa pamoja na watu wake wote. Klimov aliishi mpaka 2003 na hakutengeneza filamu nyingine.

Mpe mwenzako hiyo, na ukae naye. Stelingi wa filamu hii hafi. Inapofika mwisho uso wake una mikunjo ya mzee, ingawa zimepita siku chache tu tangu acheke mchangani. Anaona picha ya Hitler imetupwa kwenye dimbwi la tope, na kwa mara ya kwanza tangu aipate ile bunduki, anafyatua. Kwa kila risasi filamu za kumbukumbu zinarudi kinyumenyume: majengo yaliyobomoka yanasimama, mabomu yanapaa kurudi kwenye ndege, majeshi yanaandamana kinyume, mtu mzima anakuwa kijana, kijana anakuwa mtoto. Picha ya mwisho ni ya kichanga mapajani mwa mama yake. Flyora ameelekeza bunduki. Anatetemeka, machozi yanamtoka, na hafyatui. Kisha anasikia wenzake wakiondoka, anakimbia kuwafuata, msafara unaingia msituni kwenye theluji, na muziki wa maombolezo wa Mozart unapanda pamoja na kamera kati ya miti, mpaka huwezi tena kumtambua Flyora miongoni mwao.